Dari ya Bi Mwanahawa Inauzwa

Katika mtaa wa zamani wa Kasulu, Mwanahawa binti Rashidi ndiye mwanamke pekee aliyelala juu ya watu wengine. Kwa miaka ishirini na miwili jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya Mola wake. Hakujisifu, la. Alikuwa mcha Mungu. Ila akialikwa harusini na mtu akamuuliza anakaa wapi, hakuweza kusema tu "pale karibu na mashine ya kusaga" kama mtu mwingine. Alisema, "Pale juu," kisha akashusha macho, kama anayeona haya kwa neema aliyopewa bila kuomba.

Hapo juu penyewe palikuwa dari ya ghala. Zamani mfanyabiashara mmoja aliyekuja kutoka pwani alijenga jengo la matofali ya udongo, kuta nene za kutosha kuketi dirishani, chini akafungua duka na juu akaweka maharage na kahawa. Magunia yalipandishwa kwa kamba kupitia tundu la mraba lililokatwa sakafuni. Mumewe Mwanahawa, marehemu Mudathiri, alikuwa seremala wa mzee huyo. Alimtengenezea milango, makasha na meza, miaka nenda miaka rudi, na malipo mengine yalikuwa yakichelewa. Mwishowe mzee akamwita.

"Mudathiri, chukua dari. Mimi siwezi tena kupanda. Magoti yamekataa."

Waliandikiana mbele ya mashahidi: chini pa mzee, juu pa Mudathiri. Mudathiri alipofika nyumbani na habari hiyo, Mwanahawa alimcheka yule mzee mpaka akashika ubavu. Mtu na mali yake, anashindwa kupanda! Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitano, na miguu yake ilikuwa kama ya mbuzi.

Mudathiri aliifanya dari kuwa nyumba. Alizoa vumbi la kahawa siku nane. Alitandika sakafu ya mbao za mninga, akazipiga randa mpaka hata ukipita bila viatu unajiona umekosa adabu. Alikata dirisha kubwa upande wa mashariki, akagawa sebule, chumba na jiko dogo, akatundika mikeka chini ya bati kuzuia joto. Ukutani kwa nje akajenga ngazi ya mbao, vipandio kumi na vinne. Lile tundu la sakafuni akalifanyia kifuniko, kwa sababu seremala haoni raha kuziba kitu ambacho bado kinaweza kufunguka. Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa dirisha, na jioni walikaa hapo wawili wakiangalia mtaa unavyofunga maduka. Mudathiri alifariki mwaka elfu mbili na tisa, naye Mwanahawa akabaki juu na mbao zake.

Magoti yalianza kama mzaha. Siku moja akashtukia amesimama kwenye kipandio cha saba bila kukusudia, mkono mmoja kwenye mbao, na chini watu wanapita. Asingekubali waone kuwa anapumzika. Akainua uso akaangalia mawingu, akakunja kipaji cha uso kidogo, kama mtu mwenye shughuli huko.

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Basi akina mama walioanika muhogo barabarani wakaanza kumuuliza.

"Bi Mwanahawa, leo vipi? Itanyesha?"

Angesema nini? Kwamba hajui, ila goti la kushoto linawaka? "Haitanyesha kabla ya alasiri," akajibu siku ya kwanza, na kweli haikunyesha. Ndani ya mwezi mmoja akawa ndiye mtabiri wa mtaa. Watu hawakutoa muhogo nje mpaka wamuone amesimama kipandio cha saba. Siku aliyokosea, mvua ilishuka na kuloanisha makopa yote ya muhogo ya Pelagia, mjane mwenzake wa nyumba ya pili. Mwanahawa alimpelekea kilo mbili za unga. Pelagia akashukuru sana, akasema hata redio hukosea. Usiku ule Mwanahawa aliomba toba ndefu, akiwa ameketi kwenye stuli, kwa kuwa hakuweza tena kusujudu chini.

Darsa ya akina mama ya Alhamisi akaacha kwenda. Alisema ana wageni. Mtu gani ana wageni kila Alhamisi kwa miezi mitatu? Hakuna aliyeuliza. Na vitu vya dukani akaanza kuvinunua kwa kapu. Alifungua lile tundu la sakafuni, akashusha kapu kwa kamba, akaita, "Sukari nusu!" Kutoka chini sauti ikajibu, "Haya." Kapu likapanda na sukari.

Sauti ile ilikuwa ya Abdalah. Warithi wa mzee walikuwa wamemuuzia Abdalah sehemu ya chini miaka saba iliyopita, naye aliuza maharage, unga wa muhogo, mawese, na dagaa. Dagaa ndio waliowagombanisha. Harufu yao ilipanda kupitia mbao za mninga kama haijaona mbao. Katika harusi moja Mwanahawa alisema, tena kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Mimi siku hizi naishi juu ya samaki, ninakaushwa nao." Wanawake walicheka. Yeye pia alicheka. Kabla pilau haijapakuliwa maneno yalikuwa yameshafika kwa Abdalah. Tangu hapo hawakusemeshana ila kwa kapu.

Sasa, asubuhi moja ya mwezi wa tatu mwaka elfu mbili na kumi na nne, Mwanahawa alishuka kwenda chooni uani, akamaliza haja zake, akarudi mpaka kwenye ngazi, akainua mguu. Mguu ukakataa. Akajaribu mwingine. Nao ulikuwa umeshasikia habari za mwenzake.

Akazunguka nyuma ya duka, akaketi juu ya gunia katikati ya kuku wa Abdalah. Hakutaka mtu amkute amekaa bure. Pembeni palikuwa na ungo wenye maharage. Akauvuta mapajani, akaanza kuchambua mawe. Maharage hayakuwa yake, ungo haukuwa wake, wala hakuna aliyemtuma. Akachambua kwa bidii.

Abdalah alitoka nyuma, akamtazama. Mwanahawa hakuinua uso.

Abdalah akarudi ndani, akaleta ungo wa pili.

Alichambua mpaka adhuhuri. Mguu ulipokubali, alipanda vipandio vyote kumi na vinne kwa kukaa, kimoja kimoja, mgongo mbele, akimshukuru Mungu kwamba saa ile ya swala barabarani hapakuwa na mtu. Alipofika juu alilala chali kwenye mbao za Mudathiri, akamwambia Mudathiri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuambiwa, "Nitauza."

Jioni akampigia simu dada yake Mwanaamina huko Kibondo.

"Nimekukumbuka, dada. Nataka nije nikae karibu yako."

"Umenikumbuka?" Mwanaamina alikuwa na sauti ya kukata kuni. "Miaka ishirini nakuita unaniambia Kibondo kuna vumbi. Leo umenikumbuka. Unaumwa?"

"Mtu hawezi kumkumbuka ndugu yake mpaka aumwe?"

"Haya. Kiwanja kile pembeni yangu kipo. Kuna mtu wa mkaa anakitaka. Nimemwambia mwenye nacho asubiri mpaka mfungo. Mfungo ukiingia hujalipa, kimekwenda. Na ujenge kabla ya mvua za mwezi wa kumi, siyo uje hapa unijazie nyumba."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: akiuza kabla ya Ramadhani, atapata chumba cha chini, mlango unaofunguka kwenye udongo. Asipouza, atabaki darini, na siku moja atashuka asipande tena, au atapanda asishuke tena.

Aliandika tangazo mwenyewe kwenye karatasi ngumu ya manila, kwa kalamu nene. Alisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri, kila mtu alisema hivyo, na yeye alikuwa wa kwanza. Sehemu ya juu ilikwenda vizuri:

NYUMBA YA JUU INAUZWA. MTAA WA ZAMANI. MBAO ZA MNINGA HALISI. DIRISHA LA MASHARIKI. UPEPO WAKATI WOTE. BEI TUTAELEWANA.

Hapo angeishia, mtu wa kawaida. Lakini alikumbuka alivyofundishwa chuo cha Kurani huko Kibondo akiwa na miaka tisa, kwamba anayeuza kitu na akaficha kasoro yake amekula haramu. Akageuza kalamu upande mwembamba akaongeza:

Kasoro zake: mvua ikinyesha humsikii unayeongea naye. Mchana wa kiangazi ni joto. Choo kiko chini, uani. Maji hubebwa. Harufu ya dagaa siku zote isipokuwa Idi mbili. Ngazi ina vipandio kumi na vinne, cha tisa kinalia.

Aliisoma tena, akaona ameiacha kasoro moja, ile ya mwenye nyumba. Akajiambia magoti si sehemu ya jengo. Akalibandika tangazo kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, na akajisikia mwepesi rohoni kwa siku tisa nzima ambazo hakuja mtu.

Wa kwanza alikuwa Stanislaus, mwalimu kijana wa chuo cha ualimu, aliyekuja na bodaboda na miwani ya jua. Alipanda vipandio viwili viwili. Mwanahawa alimfuata kwa heshima, akisimama katikati kuangalia mawingu.

"Mama, hii ni kali!" Stanislaus alizunguka sebuleni akigonga mbao kwa kisigino. "Hii ni apatimenti kabisa. Kama za kwenye video. Hapa naweka sofa, hapa televisheni, hapa dirishani nakaa na kahawa yangu."

"Umeona kasoro nilizoandika, mwanangu?"

"Kasoro ndogo tu hizo, mama."

Angenyamaza! Lakini alikuwa anamhurumia. Alimwonyesha mahali bati linapovuja upepo ukitoka kusini. Alimweleza panya wanapita saa ngapi, na kwamba mmoja ni mkubwa na hana adabu. Alimwambia kuhusu siku ya mvua ya mawe mwaka elfu mbili na sita, walivyodhani ni Kiyama, Mudathiri akatoa shahada. Alimwekea chai. Kufikia kikombe cha pili, Stanislaus alikuwa amevua miwani na kuketi ukingoni mwa kiti.

"Na pikipiki naiweka wapi?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango.

"Chini, kwa Abdalah. Ila asubuhi itanuka dagaa."

Alisema atarudi na mchumba wake. Labda mchumba alikuwa mbali sana.

Wa pili alikuja wiki tatu baadaye, mzee Ntirampeba, mkulima mwenye maharage mengi aliyetaka nyumba ya mjini kwa ajili ya siku za soko. Alikuja na fimbo na koti zito.

"Mwakeye, mama," akasalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee. Karibu juu."

Ntirampeba alitembea sebuleni kimya. Alikwenda dirishani, akachungulia chini. Akapiga mbao kwa fimbo. Akainama, akachungulia katikati ya ubao na ubao kana kwamba ametupa kitu.

"Shamba lake ni lipi?"

"Haina shamba, mzee. Ni nyumba tu."

"Sijasema shamba kubwa. Hata pa migomba mitatu."

"Haina."

"Ua?"

"Ua ni wa Abdalah wa chini."

"Udongo huu wa chini ni wa nani?"

"Wa Abdalah."

Mzee akajinyoosha. "Kwa hiyo unaniuzia hewa iliyowekewa mbao."

"Ni mninga, mzee."

"Ni hewa ya mninga. Mama, samahani nikuulize. Mimi nikifa nikiwa na nyumba hii, watanizika wapi? Hapa jikoni?"

Mwanahawa, badala ya kutetea mali yake, alicheka. Hakuweza kujizuia. Alimwona mzee Ntirampeba amelazwa chini ya meko, na yeye anazunguka na chungu kwa adabu. Mzee naye akacheka, wakacheka mpaka kifuniko cha tundu kikatikisika, na huko chini mtu akakohoa. Ntirampeba alikunywa chai, akashuka, na hakununua. Mtu anayeamini kuwa nyumba ni kitu kilichoota kwenye udongo huwezi kumuuzia nyumba iliyoning'inia.

Mwezi wa tano ukaisha. Mvua za mwisho zikalilowesha tangazo mpaka herufi kubwa zote zikafutika, zikabaki zile ndogo za kasoro, ambazo kalamu ilikuwa imekandamizwa sana. Mwanaamina akapiga simu: mtu wa mkaa amekuja tena, amepima kiwanja kwa hatua. Zilikuwa zimebaki wiki nne mfungo uingie.

Siku ya Jumatano alikuja Nsimire. Nsimire alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mlokole, aliyepita mtaani na sabuni za mawese kichwani kila alipopata kibali cha kutoka. Yeye ndiye mgeni pekee wa kweli aliyekuwa akipanda ngazi ile, kwa kuwa alipenda kupumzisha shingo dirishani.

"Mama Mwanahawa, nilisoma karatasi yako pale kwenye mashini. Uliandika mabaya tu! Nani atauza kitu namna hii?"

"Mazuri yamefutwa na mvua."

"Ah, mvua iko na akili ya kucheka watu." Nsimire aliketi dirishani, akajipepea kwa khanga. "Ni etaji ya muzuri, lakini, hii nyumba ya juu. Kwetu mutu wa etaji ni mutu mukubwa." Akatazama kifuniko cha sakafuni. "Na yule wa chini alisema nini?"

"Yupi?"

"Si yule wa dagaa. Ulimuulizaka?"

Mwanahawa akaanza kupanga vikombe.

"Hukumuuliza? Mama! Kwetu Fizi, mutu akiuzisha nyumba anaanzaka kwa ule wa pembeni. Akikataa, njo unaenda kwa wengine. Wewe uko na mutu chini ya miguu yako kabisa, unaenda kuita watu wa mbali?"

Damu yote ya Mwanahawa ilipanda usoni. Alilijua jambo hilo! Alifundishwa chuoni kulekule, na mwalimu yuleyule, labda wiki ileile: anayeuza asimruke mshirika wake, na wao walishirikiana kuta, bati na ua. Akalikumbuka la kasoro, akalibandika mpaka mashineni, mtaa mzima ukasome ucha Mungu wake. Hili la jirani, lililokuwa gumu, akalisahau. Na mtu aliyekuja kumkumbusha dini yake alikuwa mlokole wa Fizi mwenye beseni la sabuni.

Tena hakulisahau. Alilifunika. Alijua Abdalah akinunua atafanya nini. Atapandisha magunia. Mbao alizopiga randa Mudathiri siku baada ya siku zitarudi kulaliwa na maharage, na nyumba yake, ile ya "pale juu", itakuwa ghala tu kama ilivyokuwa. Ndiyo maana alitafuta mwalimu wa miwani, na mzee wa fimbo, na angetafuta hata mtu wa mkaa wa Kibondo kama angekuja.

Nsimire alipoondoka, Mwanahawa alivaa baibui lake la kutokea. Kushuka kulimchukua muda, na safari hii hakuangalia mawingu. Aliingia dukani kwa mlango wa mbele.

Abdalah alikuwa anapima dagaa. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kofia ya kufumwa.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykum salaam, Bi Mwanahawa." Alibaki na kipimo mkononi. "Kapu limekatika kamba?"

"Kapu ni zima. Nimekuja mwenyewe."

Abdalah alimtoa paka kwenye stuli, akaifuta kwa kiganja, akamsogezea. Mwanahawa akaketi kwa pumzi moja.

"Nauza dari," akasema.

"Najua. Mtaa unajua. Mpaka kambini wanajua."

"Nilitakiwa nianze na wewe. Sikuanza."

"Nimeona."

"Unisamehe. Sikuanza kwa sababu utaweka magunia."

Abdalah alimimina dagaa kwenye mfuko, akaufunga fundo, akampa mteja, akangoja mteja aondoke.

"Ni kweli," akasema. "Nitaweka maharage. Chini huku pana unyevu, yanaota ukungu. Kule juu pakavu, pana upepo. Nikwambie nitaweka nini, mama? Unataka nikudanganye?"

"Ndiyo," akasema Mwanahawa. "Lakini usinidanganye."

Hapo akakumbuka wajibu wake. "Na wewe nikutajie kasoro zake."

"Nimeisoma karatasi. Umeacha moja."

Moyo wa Mwanahawa ulishuka mpaka kwenye magoti hayohayo. "Ipi?"

Abdalah alinyoosha kidole juu. Pale darini, usawa wa mizani, mbao zilikuwa na doa jeusi lenye umbo la pera. "Unapoosha vyombo. Kona ya jikoni. Maji yanapita, yanadondokea hapa. Miaka saba. Mizani hii ni ya tatu."

Mwanahawa alilitazama lile doa. Miaka saba alikuwa akinung'unika kuhusu harufu ya samaki wa mwenzake, akasimulia harusini, akaandika mpaka tangazoni, na muda wote huo alikuwa anamdondoshea mtu huyo maji ya masufuria kichwani.

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja uje kulalamikia dagaa. Nilikuwa nimeandaa jibu zuri sana." Abdalah akavua kofia, akajikuna. "Hukuja. Ukaleta kapu. Kapu huwezi kuligombeza."

Mwanahawa alijifunika uso kwa ncha ya baibui. Abdalah kwanza alidhani analia, akaanza kutafuta maji ya kunywa. Halafu akaona mabega yanavyoruka, akajua anacheka.

"Na magoti?" Abdalah aliuliza, Mwanahawa alipotulia.

"Magoti gani?"

"Bi Mwanahawa."

"Mabaya," akasema. "Mabaya sana, baba."

Walielewana bei siku ileile. Ijumaa baada ya swala, mwenyekiti wa mtaa, mzee Kipriani, alikuja na daftari, muhuri na kalamu mbili. Wakakaa mbele ya duka, Pelagia akiwa shahidi wa upande wa juu. Kipriani aliandika taratibu, akisoma kila neno kwa sauti. Majina. Mipaka: chini Abdalah, juu mbingu. Akafika kwenye sababu ya kuuza.

"Niandike nini, mama? Kuhamia kwa ndugu?"

Hilo lilikuwa jibu zuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Mwanahawa alifungua mdomo kulikubali. Karatasi hii itakaa. Watu watakaokuja wataisoma.

"Andika magoti."

Kipriani akainua kalamu. "Magoti hayaandikwi kwenye hati, mama. Tunaandika ugonjwa, au uzee."

"Basi andika ugonjwa wa magoti. Nimeuficha sana, mwenyekiti. Hakuna aliyejua."

Pelagia akamgeukia Abdalah, Abdalah akamgeukia Kipriani, na Kipriani akajifanya anasoma.

"Sisi tunajua tangu mwaka jana, shoga yangu," Pelagia akasema kwa upole. "Tulikuwa tunakuacha tu."

Hilo lilimuuma kuliko ngazi. Mwaka mzima alifanya kazi kubwa ya kuigiza, na watazamaji walikuwa wanamsaidia! Alichovya kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza kwenye karatasi, ingawa alijua kusaini, kwa kuwa mkono ulikuwa unatetemeka na hakutaka waone mwandiko wake mzuri ukiharibika.

Kiwanja alikilipia siku sita kabla ya mfungo. Mtu wa mkaa alilaani kidogo, akapewa chai.

Idi ilipopita, Lukmani, mtoto wa Mwanaamina na fundi ujenzi wa Kibondo, alikuja na kamba na vigingi kupima msingi. Mwanahawa alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba ya dada yake, miguu imenyooshwa, udongo mwekundu umeshapanda kwenye pindo la gauni. Chumba kimoja, sebule, jiko nje. Kila kitu chini. Alikuwa anamhimidi Mungu bila kuchoka.

"Mama mdogo," Lukmani akaita, "hapa mlangoni niweke ngazi ngapi?"

"Hakuna. Usiweke hata moja."

"Maji yataingia. Mvua za hapa zinateremka kutoka kule mlimani, zinapita hapahapa. Lazima msingi unyanyuke."

"Basi moja."

"Moja inatosha," akasema Lukmani, akaandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji. "Ya mama nayo ni moja."

Mwanahawa aligeuka akautazama mlango wa dada yake. Ilikuwa kweli, ngazi moja, ya saruji, na Mwanaamina mwenyewe alikuwa ameikalia, anamenya ndizi, hana habari.

"Lukmani."

"Naam, mama mdogo."

"Weka mbili."

Kisha akamwomba Mola wake msamaha, na akamwambia Lukmani ile ya pili iwe fupi.